Injini Iliyobeba Keki Hadi Kakuma

Injini ya gari la Mama inalala. Simaanishi uvivu. Katika magari mengine ya Lodwar pistoni zimesimama wima kama wanafunzi kwenye paredi. Zetu zimelala, mbili kulia, mbili kushoto, zinarushiana ngumi mchana kutwa bila mshindi. Ngumi za kulia zinatuliza za kushoto, kwa hiyo gari halitetemeki. Na kwa kuwa uzito wote uko chini, kwenye kona linashika lami kama kupe kwenye ngamia.

Mjomba wangu, mwenye pikapu inayogonganisha meno ya abiria, hakulipenda. Alikuwa na sababu, siwezi kukataa. Linavuja oili pande zote mbili. Plagi zimebanwa ubavuni, fundi akizibadilisha anatubu dhambi ambazo hajatenda. Gasketi za kichwani zikiungua, injini nzima inashushwa. Mjomba alishapata mnunuzi, mchuuzi wa samaki wa Kalokol, na Mama, akiwa amechoka kusemwa, alikubali: likimwaibisha mara moja zaidi, linauzwa.

Sasa, Jumamosi moja Mama alikuwa apeleke keki ya harusi Kakuma, ya ghorofa tatu, kwa binti wa Sudan Kusini aliyekuwa anaolewa kwenye kambi ya wakimbizi. Mjomba akaja na pikapu kubeba viti na, nadhani, kushuhudia mazishi.

Hapa kwetu mtu haegeshi gari mahali palipo sawa, anaegesha penye kivuli. Kivuli chetu kiko kwenye mteremko wa lagga, ule mto mkavu nyuma ya nyumba, na gari lilikuwa pale tangu jana yake, limeinamia kushoto. Mama akawasha. Moshi wa buluu ukawafunika mbuzi wa jirani.

"Dada, hiyo imekufa," Mjomba akasema, simu tayari mkononi. "Nimwite mtu wa Kalokol?"

"Weka simu."

"Moshi ni moshi, dada."

"Mjomba," nikamwambia, "hata wewe ukilala ubavu, mate yanatokea upande mmoja."

Mama alinitupia lile jicho la kunyamazisha watoto kanisani, lakini midomo ilimsaliti. Yeye ndiye aliyenifundisha: pistoni zikiwa zimelala na gari limeinama, oili huteremkia upande wa chini, inapenya ndani, na asubuhi ndiyo inayoungua kwanza. Akaiacha injini ingurume. Moshi ukapungua, ukawa uzi, ukaisha. Akalisogeza gari mahali tambarare, akazima, akangoja oili itulie, akavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imepungua. Akaongeza. Mjomba akarudisha simu mfukoni polepole, kama mtu anayerudisha nyama sufuriani.

Nilikaa nyuma na keki, macho kwenye mshale wa joto. Jua la Turkana halina huruma na injini ya aina yoyote, ila Mama alikuwa ameosha vumbi lote kwenye redieta. Kila tulipovuka lagga nilishika ubao wa keki na kuomba. Mshale ulibaki katikati, umenuna, haupandi.

Tulipofika Kakuma, mama wa bibi harusi alifungua mlango wa gari mwenyewe. Maua ya sukari yalikuwa yamesimama yote.

"Keki kuja mzima namna hii?" akauliza. "Na barabara hii hii?"

Mama alinyoosha mgongo tu, akaonekana mrefu. Nyuma yetu Mjomba alikuwa akiteremsha viti, viwili vimevunjika miguu.

"Dada," akasema baadaye, "yule mnunuzi nimwambie nini?"

"Atafute lake."

"Na hiyo oili?"

"Nitaipima kila nikiweka petroli. Kwani wewe hupimwi presha?"

Mjomba akakuna kichwa, kisha akaomba azungushwe kidogo, ajionee. Akaketi kiti cha mbele, mimi nikarudi nyuma. Akateremsha kioo, akatoa kiwiko nje, na kila tuliyempita kambini akampungia mkono akisema "Ejok", salamu ya Kiturkana, kama mwenye gari. Mama alimwacha ajidai.