Sili ya Ekseli na Leso ya Mama

Harufu ya oili ya difu, ile ya gia za magurudumu ya nyuma, haifanani na harufu nyingine yoyote ya gari. Ni nzito, ina ukali wa kiberiti kilichozimwa, na ikishika nguo sabuni haiiwezi. Mwaka ule nilipong'oka meno ya mbele, harufu hiyo ilihamia nyumbani kwetu Langas pamoja na pikapu ya Baba, gari kuukuu lililonizidi umri. Ulikuwa msimu wa mavuno. Mahindi yetu yalikuwa yamelundikwa kwenye shamba la kukodi huko Soy, chini ya turubai lenye matundu, na kila alasiri mawingu meusi yalipanda kutoka upande wa Sugoi, yakatutazama, yakaenda zake. Mahindi yakilowa huota ukungu, na yale ndiyo yaliyokuwa ugali wetu wa mwaka mzima.

Safari ya kwanza ilitutia hofu. Tulikaa mbele sote watatu, Baba kwenye usukani, mimi katikati, Mama dirishani, na magunia nyuma. Tulipoanza kuteremka kuelekea darajani Baba alikanyaga breki, na gari likavutwa upande mmoja kama ng'ombe anayekataa kamba. Akakanyaga tena. Tukaiacha barabara, tukatumbukia kwenye majani ya nepia ya mtu, na humo ndimo tulimosimama. Hakuna aliyeumia. Mama alishuka polepole, akanishika mkono. "Baba Nafula," alisema bila kupaza sauti, "mimi na mtoto hatuingii tena kwa hii gari." Tukaenda nyumbani kwa miguu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile injini ikiwashwa tu, Mama aliacha kushona, akashikilia cherehani yake mpaka mngurumo uishe.

Baba alipolifikisha gari nyumbani polepole, alichungulia chini yake, akaona gurudumu la nyuma limelowa upande wa ndani. Sili ya ekseli, kile kipete cha mpira kinachozuia oili isitoke, ilikuwa imechakaa, na oili ilikuwa ikimwagika kwenye breki. Fundi wetu alikuwa amesafiri kwao kuvuna, kwa hiyo Baba akanunua sili na breki mpya akaifanya kazi mwenyewe uani, akipiga mluzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, aliniambia. Lakini kesho yake ufa ulikuwa wazi tena: oili ilitiririka kwenye tairi kama vile hajagusa kitu. Mluzi ukaisha. Aliketi juu ya tofali, mikono myeusi, akilitazama wingu.

Mama akatoka na uzi ukining'inia mdomoni. "Hebu nionyeshe," alisema. Baba akaitoa sili ile mpya. Ukingo wake laini ulikuwa umechanika. Ekseli ni chuma kizito kinachozungusha gurudumu, na alipoisukuma ndani peke yake ilikuwa imeuburuza ule mpira. "Ulishikiwa na nani?" Mama akauliza. "Na nani tena? Na kuku hawa?" Baba akajibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile wote wawili wakacheka.

Baba alienda mjini kununua sili nyingine. Aliporudi, Mama alifungua leso yake kiunoni, akaipitisha chini ya ekseli, akaibeba kama anavyobebwa mtoto. Baba aligonga sili taratibu kwa kipande cha ubao hadi ikakaa sawa, akaipaka grisi, kisha akaanza kuongoza chuma kile ndani ya tundu. "Inua kidogo. Hapo hapo, Mama Nafula. Usipumue." "Wewe pumua, mimi nimeshika." Mimi nilifukuza kuku wasitimue vumbi. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami niliiona methali hiyo ikitendeka: ekseli iliingia kimya, bila kugusa pembeni.

Breki zilipokwisha kufungwa, Baba aliliendesha gari peke yake mpaka mteremkoni na kurudi, mara kadhaa. Kisha akapangusa gurudumu kwa kitambaa cheupe, akamwonyesha Mama. Kilikuwa na vumbi tu. Mama alivaa viatu, akapanda mbele, akapigapiga kiti kuniashiria nipande. Jioni ile mahindi yetu yalikuwa chini ya paa, makavu, na mvua ilipopiga mabati Baba na Mama walikaa mlangoni wakiisikiliza, mabega yakigusana.

Leo mimi na mume wangu kila mmoja ana gari lake. Likileta shida naliacha gereji, naketi kwenye kochi na simu, nachukua funguo bila kujua nani alilala chini ya gari. Ni raha, wala siidharau. Lakini nyumbani mwetu hakuna tena kitu kinachohitaji watu wawili. Juzi nilitaka kubadilisha balbu ya sebuleni. Ngazi ni imara, ningeweza mwenyewe. Hata hivyo nikamwita mume wangu. "Nishikie," nilisema. Akaweka simu chini, akaja akashika kwa mikono miwili. Balbu niliimaliza upesi, ila nilikawia kushuka.