Mafundo ya Bibi Hawa

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu Rozina aliyekuwa anaposwa, Mzee Ngonyani aliyetoka Peramiho kumposea mpwa wake, dada yake mzee huyo tuliyemwita Shangazi, na Bibi Hawa, mjane, ambaye hatukujua kama yupo mpaka alipotukuta. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja anausimulia mkasa huu kwa namna yake, na mwenye aibu ni mimi, basi heri muusikie kwangu.

Wazazi wetu walichukuliwa na njaa iliyofuata vita. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule ya misheni, nikashika jembe, nikamlea Rozina, kwa hiyo siku ya posa mimi ndiye niliyekuwa baba (baba mwenye ndevu saba). Wageni wakawahi. Kuku wetu mmoja alikuwa bado anakimbia uani, na Rozina akanivuta nyuma ya nyumba akaninong'oneza, "Kaka, watembeze kidogo."

Ndipo nikasema twendeni niwaonyeshe msitu wetu. Ni msitu mdogo uliojificha katikati ya nyumba, huku sisi, kule askari, kule wachuuzi, na Mjerumani ameuzungushia mawe ya mpaka, hakati mtu mti. Ukiingia utadhani Songea imehama. Nikawaahidi kuwatoa upande wa pili kabla chungu hakijachemka (kusema kweli, nilizoea kuishia kwenye mawe). Ili tusipotee nikawa nafunga fundo la nyasi kila hatua chache, kama nilivyomwona marehemu mama akifanya.

Tukakuta kichuguu kimejaa uyoga. Nikaona hii ndiyo heshima ya wageni, nikavua kanzu yangu, niliyokuwa nayo hiyo moja tu, nikafunga uyoga ndani, nikajitwika kifua wazi. Kisha nikafuata mafundo turudi. Fundo likatupeleka kwenye kichuguu kingine chenye uyoga, nikaongeza. La pili likatupeleka kwenye cha tatu, nikaongeza tena. La tatu likaturudisha kwenye kile cha kwanza, kitupu. Sikuelewa. Jogoo akawika kulia, tukaenda kulia, tarumbeta ya boma ikalia mbele yetu na ilipolia tena ilikuwa nyuma, tukasikia mtu anamgombeza mbuzi wake karibu kabisa, lakini nyumba hatuioni. Shangazi akauliza kwa upole kama sisi watu wa mjini hapa ndipo tunapofanyia karamu zetu.

Mzee Ngonyani akasimama kupumzika.

"Wakati wa vita nilijificha porini mwaka mzima," akasema, "sikupotea hata siku moja. Leo mwanangu umenipoteza katikati ya mji, na kinu nasikia kinatwanga."

Kwa aibu nikaongeza mwendo, mguu ukaingia kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa, nikaanguka kifudifudi juu ya kanzu yangu na mzigo wake. Nilipoinua kichwa nikaona miguu ya mwanamke na kikapu. Nikamwamkia shikamoo nikiwa palepale chini.

"Mafundo yale ni yangu," Bibi Hawa akasema. "Fundo maana yake kichuguu kina mwenyewe. Mama yako hakukufundisha?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mama alipofunga nyasi alikuwa na kikapu mkononi kila mara. Na yangu mimi yalikuwa yapi, mpaka leo sijui.

Nikafungua kanzu kumrudishia. Uyoga ulikuwa uji. Ule ndio alikuwa aukaushe awe na mboga kiangazi chote, mama wa watu hana mtoto wala shamba. Akatuelekeza kwa kidole: hatua kama thelathini, nyuma ya kichaka, moshi wa jiko letu wenyewe.

Nilijua posa imevunjika. Mzee Ngonyani aliitazama kanzu, akamtazama mjane, akasema, "Binti nimempenda. Lakini hatuchukui mke kwenye nyumba iliyokula cha mjane. Mlipeni uyoga wake, ndipo tuje na mahari."

Tukarudi nyumbani pamoja na Bibi Hawa, tukakuta kuku amekaukia chunguni. Paja alipewa Bibi Hawa, akala, akanawa. Nikampa mahindi, akakataa. Nikampa maharage, akakataa. Alichukuliwa uyoga, anataka uyoga. Na wiki ileile mvua zikakatika, na uyoga hauoti bila mvua.

Tangu siku hiyo nimeapa kwamba mgeni wangu nitamtembeza mpaka mkekani tu, kuku awe ameiva au awe bado anakimbia. Sasa ni kiangazi. Kikapu alichotuachia Bibi Hawa tukijaze kinaning'inia ukutani kwetu, kitupu, na kila asubuhi Rozina anatoka nje, anatazama mawingu, kisha ananitazama mimi.