Birthe na Goti Asilowahi Kuliona

Saa moja na robo asubuhi, Ijumaa, chumba cha pili wenzake wanapaka mikate siagi. Birthe Kjærsgaard bado ameinamia kisahani chake, anakigeuza taratibu kwenye mwanga kama mtu anayechambua mchele.

"Birthe, mikate inaisha!"

"Nibakizieni wenye mbegu. Mkiula huo, tutakosana!"

Birthe, 63, ni fundi wa maabara katika hospitali moja ya Jutland, Denmark. Kwa miaka 34 amekuwa akipanda usaha wa wagonjwa kwenye visahani, kila kimoja na vikaratasi vyenye dawa. Dawa ikimweza bakteria, kesho yake karatasi huzungukwa na duara safi. Duara likiwa dogo, bakteria ni sugu. Kwa siku anasoma visahani kama 140.

Alichokishika leo ni cha Tove Riis, bibi wa miaka 81 aliyewekewa goti la bandia, kidonda kikagoma kufunga. Akipewa dawa isiyofaa, bakteria watashuka mfupani, na goti litang'olewa.

Mashine ya vinasaba imesaka usugu, ikasema haupo. Simu inalia. Ni Mikkel, daktari kijana wa wodini.

"Birthe, niambie dawa ya kawaida inatosha, nimwanzishie."

"Haitoshi. Duara ni dogo."

"Lakini mashine imesema yuko safi!"

"Mashine inatafuta sura inayoijua, Dokta. Bakteria huyu kaja na sura nyingine. Bibi anafuga nini?"

"Nimeshamuuliza. Hafugi kitu."

"Umemuuliza kidaktari. Rudi umuulize kama mjukuu wake."

Nusu saa baadaye Mikkel anapiga tena, anacheka. Kila jioni Tove huweka kisosi cha chakula cha paka kwenye ngazi ya jikoni, ili kalunguyeye, wale wanyama wadogo wenye miiba, waje kula kutoka bustanini. "Anasema si wake, wanakuja kwa hiari yao!"

Usugu wa namna hiyo ni nadra, na kalunguyeye huubeba. Birthe anapima upya kwa kipimo kingine, na unaonekana. Siku hiyohiyo Tove anabadilishiwa dawa.

Ukimsifu, Birthe anatikisa kichwa. "Mwaka wangu wa tatu kazini nilisoma kisahani kabla ya muda wake. Ilikuwa Ijumaa, nilitaka kuwahi nyumbani. Nikaandika dawa inafaa. Kumbe haikufaa. Yule mgonjwa nilimjua kwa namba tu."

Wiki sita zimepita. Kidonda cha Tove kimefunga. Septemba Birthe anastaafu, na ameomba aruhusiwe kurudi kila Jumanne awafundishe vijana wapya kusoma visahani kwa macho, mashine zikiwa zimezimwa.

Ila kabla ya hapo ana safari moja. Kupitia Mikkel, Tove amemwalika kahawa.

"Nitaenda," anasema Birthe, akifuta miwani yake. "Miaka yote hii sijawahi kumwona mgonjwa wangu hata mmoja akitembea. Nataka nibishe hodi, nisimame pale nje, nimsikie anavyokuja kufungua mlango."