Jembe la Upenuni kwa Domisiana

Mkufunzi wetu wa tamthilia chuoni alipenda sana vipofu. Katika michezo ya Wagiriki wa kale, alitufundisha, mfalme mwenye macho mawili haoni maangamizi yaliyo mlangoni kwake, na kipofu anayeshikwa mkono ndiye anayeyaona, kwa kuwa miungu ikikunyang'anya macho inakulipa mengine. Wenzangu waliandika. Mimi nilikunja uso, maana kwetu Murukulazo, wilayani Ngara, namjua mama mmoja kipofu ambaye hakulipwa kitu.

Jina lake Domisiana. Surua ilimpofusha akiwa mtoto. Mume alimpata, akamkimbia, akamwachia mwana mmoja, Audax. Kule mlimani walikokaa zamani hakuhitaji fimbo. Kila mgomba aliujua kwa mkono. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, tukapangwa kwenye mstari mmoja ulionyooka, nyumba zote sura moja, na hapo Domisiana akawa kipofu mara ya pili. Alikuwa akiingia nyumba za watu na kukaa jikoni akidhani yuko kwake. Watu walicheka. Audax hakucheka. Alitundika jembe bovu upenuni, na kando yake kipande cha chuma, upepo ukipita vinagongana. Tangu siku hiyo mama alirudi nyumbani kwa masikio.

Vita vya Kagera vilipoanza, Audax alikwenda na mgambo. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Yaliyofuata alinisimulia jirani yao, Esperansia, ambaye naye alikuwa na kijana vitani, Protasi. Siku moja Esperansia alikwenda kulia kwa Domisiana, naye akamwambia kijana atarudi. Alisema tu, kama ambavyo mtu yeyote mwenye huruma angesema. Protasi akarudi, anachechemea lakini mzima.

Basi ikawa balaa. Wale wale waliokuwa wakimcheka wakagundua kuwa Mungu amemfunga macho ya nje ili amfungue ya ndani. Wakaja hata kutoka Kasulo, na ndizi na maharage, wakiuliza habari za wana wao. Alikana. Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, maana mwonaji wa kweli, walisema, hajigambi. Akichoka aliwaambia wana wao watarudi, nao wakaenda zao. Hakuna aliyebaki kupiga soga. Na yeye, mwenye mwana huko huko, angemuuliza nani? Mganga hajigangi. Jioni alikaa kizingitini akisikiliza jembe, upweke ukimla.

Vita vikaisha. Askari mmoja aliyekuwa akirudi kwao akaleta habari ofisi ya kijiji kwamba Audax alifia Uganda na kuzikwa huko. Mwenyekiti, mzee Bernardo, alishauriana na wenzake, wakaona ni kituko kumpelekea habari mtu anayeona yote. Atakuwa alijua kabla yetu, walisema. Tena kwetu kilio huanzwa na mwenye msiba, majirani humsubiri. Wakakubaliana waende tu wakakae naye.

Walipofika asubuhi, Domisiana alikuwa amekwenda kisimani. Wakaketi uani kimya. Na kwa kuwa siku za msiba jembe haliguswi wala halisikiki, Bernardo alilifungua lile la upenuni akalilaza chini ukutani. Alifanya kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo inayonikera mpaka leo.

Domisiana akaja na ndoo kichwani, ametega sikio. Upepo ulikuwepo. Akapita mbele ya mlango wake, mbele ya watu wote hao wenye macho, akaendelea. Wakanong'onezana kwamba amekataa kuingia nyumba yenye msiba. Alizipita nyumba zote hadi kwenye ua wa mkonge mwisho wa mstari, akasimama, akapapasa hewa. Esperansia alishindwa kuvumilia, akamfuata, akamshika mkono.

"Esperansia, nyumba yangu iko wapi? Jembe silisikii."

"Tumeliteremsha, mama Audax. Jembe halilii penye msiba."

"Msiba wa nani?"

"Si unaona, dada," Esperansia akasema. "Si wewe ndiye unayeona?"

"Msiba wa nani, Esperansia?"

Ndoo ilianguka kabla hajajibiwa. Kilio kikaanzia pale kwenye mkonge, mbali na nyumba, na waliokuwa uani wakakipokea.

Baada ya matanga jembe lilirudishwa mahali pake. Wageni hawakurudi. Mwonaji asiyeona kifo cha mwanawe ni wa nini? Hata wa kumwamkia njiani wakawa wachache, maana aibu nayo humfanya mtu apite mbali.

Likizo iliyofuata lile somo la Wagiriki nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta kizingitini, peke yake, jembe likigonga juu yake. Alisikia hatua zangu akainua kiganja kunizuia.

"Shikamoo, mama Audax."

"Marahaba. Kama umekuja na habari, niambie kabla hujakaa."

Nikamwambia sina habari yoyote, nimekuja kumwona tu. Akasogea kunipa nafasi.