Mzee wa Deira

Kyengo alikuwa na hoteli, na mwanamume mwenye hoteli yake hapendi kusikia ya wengine ikisifiwa. Yake ilikuwa ya mabati, karibu na geti la kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda, Thika. Alipika chai, ndengu na supu ya miguu, lakini watu walimfuata kwa chapati. Zilikuwa laini, tabaka juu ya tabaka, na hilo hata maadui wake walilikubali huku wakitafuna.

Wivu alizaliwa nao. Na mkewe, Mwelu, walikutana kwenye hoteli ya mtu mwingine, Kyengo akiosha vyombo, Mwelu akikanda unga. Akamwoa, wakafungua yao. Mteja akisema, "Mama Janice, chai yako leo imeweza," Kyengo alikuwa anatoka jikoni na mwiko mkononi, amtazame mteja huyo vizuri. Kuna wakati alimtoa mkewe kwaya ya kanisa kwa sababu mwalimu wa kwaya aliisifu sauti yake mara mbili katika Jumapili moja. Mara moja angevumilia.

Siku zile Mwelu alikuwa anacheka tu. "Baba Janice, wewe utaonea wivu hata jiko kwa sababu nalipuliza."

Sasa utauliza, mtu kama huyo alimwachaje mkewe aende Dubai? Jibu ni neno moja: hoteli. Wakala wa kazi kule Ruiru alisema ni kazi ya hoteli, na kwa Kyengo hoteli ilikuwa hoteli: sufuria, unga, moshi, watu wakipiga kelele wanataka supu. Akajiambia mkewe anaenda kukandia Waarabu chapati, na nani atamtongoza mwanamke aliyejaa unga hadi kwenye nyusi? Akabariki safari. Janice, binti yao, akabaki naye.

Picha ya kwanza ikaja. Ilikuwa ya kitanda.

Kitanda kikubwa, cheupe, kimetandikwa mpaka kimenyooka kama meza. Kyengo aliitazama ile picha mpaka chapati ikaungua kwenye kikaango.

"Jiko liko wapi?" akauliza kwa simu.

"Jiko liko chini, na wapishi wako wengi. Mimi niko vyumba. Natandika."

"Unatandikia nani?"

"Wageni, Baba Janice. Si ni hoteli?"

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Mwelu alimweleza kwamba kampuni ile ina hoteli nyingi zenye jina moja, zimetapakaa mjini, na kwamba yake ndiyo ya kwanza, iliyojengwa Deira enzi ambazo pande nyingi za Dubai bado zilikuwa mchanga mtupu. Wageni waliowahi kuja hapo wakiwa vijana siku hizi walikuja na wajukuu. Wafanyakazi walilala humo humo, vyumba vya nyuma. Mwelu alieleza haya yote kwa furaha, na kila neno lilimwingia mumewe kama mwiba. Alizoea kuwaonea wivu watu. Sasa alikuwa anaonea wivu jengo.

Wateja wakiuliza habari za mama, alijibu kwa kifupi kwamba yuko kwa hoteli ya cheni. Gachau, mpakiaji wa pale kiwandani, mtu asiyeweza kunywa chai bila kuchokoza mtu, akaweka kikombe chini.

"Ngai! Kwani huko wanafungwa na cheni?"

Watu wakacheka. Kyengo hakucheka. Dhambi ni dhambi, na moyoni alitamani kidogo iwe kweli, angalau cheni ndefu inayofika Thika.

Kisha ikaja video ya Mwelu akikunja taulo, akalipindua hivi na hivi, likawa ndege mwenye shingo ndefu, akamketisha juu ya kitanda. Kyengo aliitazama mara nyingi kuliko alivyoweza kukiri. Asubuhi yake wateja walikuta kila meza ina ndege wa karatasi za kupangusia mikono. Shingo zilikuwa zimelala.

"Boss," Gachau akauliza, akimwinua mmoja kwa kumshika mdomo, "hii ni kuku ama ni mgonjwa?"

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Kyengo aliwakusanya ndege wake wote, akawatia motoni, na siku hiyo chapati zilikuwa ngumu kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kusema.

Mkataba wa Mwelu ulikuwa wa miaka miwili, na mwisho wake ulikuwa umekaribia. Kyengo alikuwa na swali moja tu moyoni, na halikumpa nafasi ya kupumua: atarudi, au hoteli ile itamchukua moja kwa moja? Mwelu alikuwa anasema, "Tutaona." Mwenye wivu ukimwambia tutaona, anaona papo hapo.

Ndipo Ndinda alipoingia kunywa chai. Ndinda alikuwa rafiki ya Mwelu tangu utotoni, muuza mitumba wa Ruiru, na simu yake ilikuwa na ugonjwa wa kusema kwa sauti hata ukiiweka sikioni. Akabonyeza ujumbe. Sauti ya Mwelu ikajaa hotelini.

"Ndinda, habari ndiyo hii. Mzee namwacha mwisho wa mwezi. Nimelala kwake miaka miwili, imetosha. Kijana naye wananisumbua nihamie kwake. Lakini wewe, Baba Janice usimwambie kitu..."

Ndinda aliibana simu kifuani, akatazama jikoni. Kyengo alikuwa amempa mgongo, anasukuma chapati. Alisukuma mpaka ikawa nyembamba, ikatoboka.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila mwenye wivu haulizi, kwa sababu jibu analo tayari. Ndinda alikuwa pale pale, hatua chache, anapuliza chai. Neno moja tu lingetosha. Kyengo alingoja atoke, akajifuta mikono, akarekodi ujumbe wake.

"Mwelu, nimesikia kila kitu. Mzee wako na kijana wako, wagawane. Hapa kwangu usirudi."

Zile tiki za ujumbe kwenye simu zikageuka buluu, kumaanisha ameupata. Jibu halikuja siku hiyo, wala kesho yake. Kyengo akaona amepata ushahidi. Asiye na hatia angejitetea, akajiambia, na akajihisi mshindi, na aliumia sana.

Mwisho wa mwezi ukafika. Ndinda akaingia tena, safari hii bila kuagiza chai.

"Baba Janice, umemwambia Mwelu nini? Jumapili nilikuwa niende kumpokea airport. Sasa ananiandikia nisiende."

"Kumpokea? Amemuacha mzee na kijana?"

Ndinda alimtazama kama unavyomtazama mtu anayeongea akiwa na homa. "Mzee gani? Aiya! Mzee si ni ile hoteli!"

"Hoteli?"

"Ile ya Deira. Wakenya wa huko ndio wameibatiza Mzee, kwa sababu ni ya kitambo na lifti zake zinakohoa. Ile ingine mpya ya kampuni hiyo hiyo, ya vioo, wanaiita Kijana. Walitaka ahamie huko, akakataa. Alikuwa anarudi nyumbani, Kyengo. Alisema ataingia hapa kama mteja, akae hapo nyuma, aagize chai na chapati mbili, aone kama utamjua."

Kyengo alitazama ile meza ya nyuma. Hakukuwa na mtu. Akachukua simu na mikono yake ya unga, akapiga. Mwelu akashika haraka.

"Mama Janice, nilidhani mzee ni mtu."

"Najua ulidhani. Ungeniuliza."

"Nisamehe. Rudi basi."

"Ulisema nisirudi. Nilisikiliza ujumbe wako nikiwa nafunga sanduku." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimtisha zaidi. "Nimeweka sahihi miaka miwili mingine. Janice nitamwambia mwenyewe."

"Na sasa uko wapi?"

"Deira nilitoka jana. Sasa nalala kwa Kijana."

Simu ikakatika. Kyengo alijua vizuri kabisa kwamba Kijana ni jengo la vioo. Wivu ukampanda vile vile.