Mkono Uliopokea Jetoni Zangu

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Nilikuwa na soda moja, tena niliiacha nusu. Ilikuwa Jumapili mchana baada ya misa, mvua ikinyesha ziwani, wala si usiku wa wachawi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Goma, na hata sasa nikisimulia mwili unanisisimka.

Mama yangu haoni. Macho yalianza kufifia tulipokuwa bado Butembo, na tangu hapo sisi watoto wake anatutambua kwa mikono. Unamshika tu, anataja jina lako. Daktari alisema macho yale yakipasuliwa yataona tena, ila pesa hatukuwa nazo. Mimi nilikuwa na karata. Msinicheke, najua kucheza.

Sasa sikia. Katika kazino, kushinda si kazi. Kazi ni kushinda bila kuonekana. Rundo la jetoni, vile vidude vya kuchezea badala ya pesa, likipanda mbele yako, mkubwa wa ukumbi anakuja kusimama nyuma yako, anabadilisha mgawa karata, na mwishowe unaombwa kwa heshima urudi nyumbani. Kwa hiyo zile ndogo unaziacha mezani wazione, unalalamika kidogo, unashika kichwa. Zile kubwa unazishusha mojamoja chini ya meza. Binamu yangu Kambale hukaa kiti cha kando, anazipokea na kuzitia kwenye soksi. Sheria yetu ilikuwa moja: nisimwangalie kamwe. Macho kwenye karata, mkono chini.

Siku hiyo Kambale alichelewa. Nilianza peke yangu, na karata zikanipenda, nisikufiche. Nilikuwa nawaza jetoni kubwa niiweke wapi nilipohisi kiti cha kando kinasogezwa. Nikajua amefika. Nikashusha mkono, akapokea. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto, kama jiwe lililoshinda juani. Nikawaza, huyu ana homa? Lakini sikumwangalia. Nikampa nyingine, na nyingine, mpaka nikasema moyoni kwamba macho ya mama yamepatikana. Ile ya mwisho, mkono haukuniachia. Ulinibana vidole, ukaanza kunipapasa kucha, moja baada ya nyingine, polepole.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Kambale, ameloa chapachapa.

"Yaya, unisamehe, pikipiki ilizimika pale Keshero," alisema, maana mimi ni mkubwa wake. Kisha akaninamia sikioni. "Na uko unapatia nani jetoni?"

Unanielewa? Kambale amesimama mbele yangu, kiti cha kando ni kitupu, na chini ya meza bado nimeshikwa! Nilipiga yowe ukumbi mzima ukageuka. Nikavuta kwa nguvu zote, ukaniachia. Mkubwa wa ukumbi akaleta tochi, tukainama sote. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na jetoni hata moja. Ilikuwa sakafu ya simenti tu, haina hata ufa, nayo ilikuwa ya moto. Nyumba ile imejengwa juu ya lava ya volkano iliyozika mitaa yetu, kama nyumba nyingi za mji huu, na kilichobaki chini ya lava tunakikanyaga kila siku bila kuuliza.

Nilirudi nyumbani Katoyi na Kambale. Mama akanyoosha mkono kunipokea, kama kawaida yake. Nikampa wangu. Akaushika, akapapasa kucha, akautupa.

"Huyu ni nani? Hii mukono haiko ya mutoto wangu!"

"Mama, ni mimi."

"Sauti ni yake," mama alimwambia Kambale, huku akirudi nyuma mpaka ukutani. "Lakini huyu mutu mulimutoa wapi?"

Niaminini, hakuna neno lililowahi kuniuma hivyo. Padri alikuja, akaomba, akaninyunyizia maji ya baraka. Kiganja changu, kikavu na cha moto kama kile cha chini ya meza, hakikupoa. Leo ukinishika utakisikia, cha moto mchana na usiku. Kambale ndiye anayempeleka mama misa. Mimi natembea nyuma yao, mikono mfukoni, na mama anauliza kila mara kama yule mtu bado anawafuata.

Basi wewe unayecheza, na wewe usiyecheza, usimpe mtu mkono kabla hujamtazama uso. Mama angenitazama uso wangu akanijua. Lakini macho yake niliyashusha mwenyewe, mojamoja, chini ya meza.