Kikombe cha Aliyekwenda Kujifungua

Shuleni kwetu Pasiansi kila mwalimu alikuwa na kikombe chake kabatini, na mtu hagusi cha mwenzake hata koo likikauka kama mwamba wa Ilemela saa nane mchana. Mimi sikuwa nacho. Nilichukuliwa kwa muda tu, kushika vipindi vya jiografia vya mwalimu aliyekwenda likizo ya uzazi. Mama wa jikoni akaamua mwenyewe: "Umeshakalia kiti chake, nywea na kikombe chake." Kilikuwa cheupe, chenye ua jekundu, kinaingia chai ya kutosha mtu kuoga.

Nilisoma masomo ya jioni, nikisinzia mpaka paji la uso likaota sugu ya dawati, ndipo nikapata ualimu. Kwa hiyo nilifundisha kama mtu aliyekabidhiwa ziwa lote na samaki wake. Kisha corona ikaingia, shule zikafungwa. Mkuu wa shule akaagiza kila mtu aondoke na kikombe chake, vyombo visichangiwe. Nikaondoka na kisicho changu. Kuhusu kazi alisema tu, "Tukifungua nitakupigia, Mwalimu. Kama mwenzako hatarudi."

Basi kukaa kukanishinda. Simu niliitazama mpaka ikaanza kunionea haya. Kila asubuhi nilishuka mlimani nikapita getini pa shule, kama mtu aendaye sokoni kwa njia ya mbali.

"Shikamoo, mzee," namwambia mlinzi.

"Marahaba. Wanafunzi bado, Ticha. Kengele ninayo mimi, nikiigonga utaisikia hata ukiwa Ukerewe."

Nashuka ziwani, natazama mawe, napanda tena. Soli zilikwisha upande mmoja.

Fununu za kufunguliwa shule zilipoanza, nikapata akili. Mzazi huendewa kupewa hongera, na hakuna anayeulizwa amefuata nini. Nikanunua sato mwaloni kwa wavuvi, mkubwa kiasi cha kudaiwa kitambulisho, na kikombe nikakiviringisha gazeti. Njia nzima kilinichoma mkononi. Nikikirudisha, nimekabidhi kazi. Nikibaki nacho, nimempora.

Nilinawa kwenye ndoo ya mlangoni kwake. Mtoto sikupewa kumbeba, nikamsifia kwa mbali kwamba ana paji la uprofesa. Kisha nikafungua gazeti. Mama yake hakumtazama tena yule samaki.

"Wamekutuma uniletee?" akauliza taratibu. "Wamesema nisirudi?"

Nikacheka, nikaona yeye hacheki. Muda wote ule nikiogopa atarudi, yeye alikuwa akiogopa kwamba mimi nimeshajenga pale. Naye hakuwa amepigiwa simu.

"Madam, mimi nimekuja kukupeleleza kama unarudi."

"Narudi. Nina pengine pa kwenda? Na wewe?"

"Hapo ndipo sijui."

Akaniambia ninywee uji wa mzazi humo humo kikombeni, kwa kuagana nacho. Pilipili manga ilinitoa machozi, au tuseme ni pilipili manga.

Siku ya kufungua, mkuu wa shule alituita wote wawili. Wanafunzi wakitosha, alisema, atabaki na mikondo miwili na sisi wawili. Wasipotosha, mwenye nafasi yake anajulikana. Tukasimama dirishani, yeye na ua lake jekundu, mimi na kikombe cha plastiki, tukitazama geti. Kila sweta ya kijani iliyonawa mikono ikapita, tunapiga funda. Alipotokea mtoro sugu wa kidato cha pili, nusura nitoke nikambebe mgongoni.

"Si huyo nasikia ulikuwa ukiomba afukuzwe?" mwenzangu akaniuliza.

"Huyo ni mtoto mzuri sana. Hakueleweka tu."

Walitosha, kwa muhula ule. Muhula uliofuata tukasimama tena dirishani, na uliofuata. Mama wa jikoni hunisimanga kwamba kabati lina nafasi, naogopa nini. Jioni nakisuuza kikombe changu, nakikung'uta maji, nakitia mkobani.